Kalamu Nyekundu ya Fundi Viatu

Mtaa mzima uliamini kwamba fundi viatu hajui kusoma, na mwenyewe hakuwahi kukanusha. Kila siku ya shule, saa kumi alasiri, mke wake aliyekuwa mwalimu wa darasa la nne alifika kibandani na mfuko wa madaftari, akaketi kwenye kigoda cha wateja na kusema, "Haya, soma." Fundi aliweka kiatu chini, akapangusa mikono kwenye aproni, akafungua daftari la kwanza na kusoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari. Mwalimu alisikiliza huku ametazama pembeni, kama anayechungulia nani anapita barabarani. Kisha alisema, "Amepata," au, "Amekosa," na Fundi akaandika kwa kalamu nyekundu.

Watu walipita na kuona walichopenda kuona, yaani mzee wa miaka sitini na mvi zake anafundishwa hesabu za watoto na mke wake. Aliyefurahi zaidi ni jirani yao muuza mitumba, ambaye mtaa ulimwita Redio kwa sababu hakuna habari iliyowahi kulala kifuani mwake.

"Shemeji," Redio angeuliza kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, "huyu mwanafunzi wako ataingia lini darasa la tano?"

"Akiacha utoro," alijibu Mwalimu.

Wateja walicheka, na Fundi akacheka nao. Kuna siku kicheko hicho kilimuuma, kwa nini kisimuume? Siku moja kijana mmoja alimwandikia risiti kwa herufi kubwa kubwa, akamsomea neno moja moja kama anamlisha uji, na Fundi akasema ahsante mwanangu. Aliimeza ile aibu kwa sababu alijua anachokilinda. Yeye alikuwa amemaliza darasa la saba na alisoma vizuri tu. Asiyeweza kusoma alikuwa Mwalimu.

Yalikuwa yametimia miaka miwili. Daktari wa macho alisema ugonjwa umekula sehemu ya katikati, hauna miwani wala upasuaji, ila pembeni ataendelea kuona. Walitoka hospitali wameshikana mikono, jambo ambalo hawakulifanya hata siku za uchumba. Shuleni Mwalimu hakumwambia mtu. Kitabu cha hesabu alikijua chote kwa kichwa, ubaoni aliandika kwa mazoea ya mkono, na watoto walioona anavyowatazama kwa upande waliamini ana jicho la kisogoni. Kilichobaki kilikuwa madaftari, na madaftari yalikuwa na Fundi.

Alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu. Hesabu yao ilikuwa hiyo tu, kupiga chenga miaka mitatu.

*

Jumatano moja Mwalimu alifika bila mfuko. Alikuwa amekumbatia kitu bapa alichokifunga kwenye mtandio, na alitembea nacho taratibu kama mtu aliyebeba mayai.

"Madaftari yako wapi?" aliuliza Fundi.

"Yamo humu." Alifungua mtandio. "Yote thelathini na manane."

Kilikuwa kishikwambi. Fundi alikuwa akilisikia neno hilo kwenye taarifa ya habari na kudhani ni aina ya mdudu. Kilikuwa cheusi, chembamba kuliko soli ya kandambili, nyuma kimebandikwa namba ya shule.

"Vimeletwa arobaini," Mwalimu alieleza, akikaa kwenye kigoda chake. "Wametuletea na binti wa mitambo wa kutufundisha. Siku mbili za mafunzo. Nilikaa mbele kabisa, kila akiuliza 'Mmeona?' naitikia 'Tumeona.' Leo ameingia darasani kwangu, watoto wamefanya zoezi kwa vidole. Wamefurahi hao! Sasa kazi zao zote ziko humu, mimi nisahihishe, kesho asubuhi Mwalimu Mkuu aone majibu."

"Ni sawa tu. Nitasoma."

"Subiri. Mwisho wa mwezi anakuja mkaguzi. Kila mwalimu atafundisha somo moja kwa tableti hizi mbele yake. Atakayeshindwa atapangiwa kazi nyingine." Hapo alicheka kidogo, na Fundi alikijua kicheko kile, ndicho alichokicheka kwenye ngazi za hospitali. "Stoo, Fundi. Unamkumbuka yule mwenzetu aliyepoteza kusikia? Alipelekwa stoo kuhesabu chaki, na ndani ya wiki mbili watu walisahau hata kumsalimia."

Fundi alifanya alilojua. Alipangusa mikono, akakipokea kile kitu na kukiweka magotini. "Haya," alisema, "tuanze."

Kuanza kulikuwa shughuli. Kioo kilipowaka walipata ukurasa wa mtoto wa kwanza, mwandiko wa kidole, namba zimelala huku na huku. Fundi alisoma swali na jibu, Mwalimu akasema, "Amepata." Lakini Fundi alipogusa chini palipoandikwa neno la kuendelea, kioo kilinyamaza. Akagusa tena. Akabonyeza kwa nguvu kama anabandika kisigino.

"Taratibu, utakitoboa!"

"Hakinisikii. Kinakataa kidole changu."

Ni kweli kilikataa. Miaka thelathini na tano ya gundi, nta na sindano ilikuwa imempa Fundi vidole vigumu kama ngozi alizozishona, na kioo hakikutambua kama hapo pana mtu. Alijaribu kidole gumba, akajaribu cha mwisho, akalamba kidole akajaribu tena. Mwishowe aliushika mkono wa mke wake, akakikunjua kidole chake cha shahada na kukipeleka hadi mahali penyewe. Ukurasa ukageuka.



"Kumbe," alisema Mwalimu.

Basi wakaendelea hivyo, yeye akiona, mkewe akigusa. Mkono wa Mwalimu ulikuwa mwepesi ndani ya mkono wake, una vumbi la chaki kwenye kucha, na Fundi alijisikia kama kijana anayefundishwa kuandika, ila hakujua ni nani kati yao anayemfundisha mwenzake. Redio alipita na rundo la mashati begani, akapiga mluzi. "Leo mnashikana mikono barabarani! Darasa limepanda!"

*

Kosa lilitokea kwa mtoto wa sita, na lilikuwa kosa la mtu mwaminifu.

Binti wa mitambo alikuwa amewaeleza walimu mahali pa kugusa ili kuweka alama ya vema, ila Mwalimu hakuwa amepaona, na Fundi alipekua kioo chote asipate. Watoto watano walikuwa wamekwishasomwa bila alama, na Mwalimu alikuwa anaanza kuchanganya nani kapata nini. Mteja alikuja kuchukua viatu vyake, Mwalimu akainuka kumtafutia kwenye rafu kwa kupapasa. Fundi alitazama kioo. Jibu la mtoto wa sita lilikuwa sahihi, limekaa vizuri, linasubiri haki yake. Kando yake palikuwa na ile kalamu nene nyekundu aliyotumia kuandika majina ya wateja chini ya soli. Miaka miwili mkono wake ulikuwa umesikia "amepata" na kuandika. Ukaandika.

Vema ikatoka safi, nyekundu, katikati ya kioo. Fundi aliridhika kabisa. Akamwita mke wake, akaushika mkono wake, wakageuza ukurasa.

Vema ilibaki palepale. Mtoto wa saba alikuwa ameandika kwamba nusu ya kumi na nane ni ishirini, na juu ya jibu lake ilikaa vema nene ya kumpongeza. Fundi akageuza tena. Wa nane naye alipata. Wa tisa alikuwa hajaandika kitu, naye akapata.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Mwalimu. "Soma."

"Nasoma." Fundi aliisugua vema kwa kitambaa, haikutoka. Akatia mate, haikutoka. Hapo ndipo fundi wa miaka thelathini na tano alipofikiri kama fundi. Wino huu ukimdondokea kwenye ngozi huwa anautoa kwa thina, dawa ya kuyeyushia rangi, basi akachovya pamba, akafuta mara mbili tatu kwa nguvu. Wekundu ulitoka wote. Badala yake katikati ya kioo pakavimba na kuwa peupe, ukungu mzito wa ukubwa wa kiganja, na namba za watoto zikazama ndani yake. Pembeni mwa kioo pote palikuwa wazi.

Mwalimu alikuwa amesikia harufu. "Fundi. Umefanya nini?"

Alimweleza. Hakuficha hata mate. Alingoja agombezwe, lakini mkewe alinyoosha mkono akapapasa pale katikati palipokwaruza.

"Pakoje?"

"Pamekuwa na ukungu. Pembeni naona vizuri, naona mpaka saa kule juu. Ila nikitaka kusoma jibu lenyewe, ndipo hapaonekani. Nikisogeza kichwa, ukungu upo. Nikikodoa..." Alikigeuza kile kioo huku na huku, akatazama tena, kisha akamtazama mke wake aliyekuwa ameelekeza uso barabarani ili amwone yeye. "Ndivyo unavyoona?"

"Ndivyo hivyo hivyo," alisema Mwalimu kwa utulivu. "Na nikikutazama wewe moja kwa moja, wewe ndiye huwi pale."

Miaka miwili Fundi alikuwa amesoma madaftari, amepika, amemshika mkono kwenye ngazi, na alidhani anaelewa. Alikuwa hajaelewa. Alikiweka kishikwambi magotini na kulia waziwazi, saa kumi na moja ya jioni, barabara imejaa watu, na mke wake akaweka mkono mgongoni mwake akamwambia, "Basi, baba, basi. Si umeniharibia kioo tu."

*

Asubuhi walibishana njia nzima. Fundi alikuwa amevaa shati la harusi na viatu alivyovipiga rangi alfajiri.

"Nitasema nilikichezea wakati unapika. Wewe hukujua."

"Kwa hiyo mimi ni mwalimu ninayeacha mali ya shule ichezewe."

"Bora hiyo kuliko ile nyingine."

Getini mlinzi alimpitisha Mwalimu kwa saluti, akamzuia Fundi. "Mzee, mafundi wanaingilia nyuma. Na andika jina hapa. Au..." aliangalia mikono yake, akashusha sauti kwa huruma, "weka dole gumba tu." Fundi aliweka dole gumba. Hakutaka kuchelewa.

Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye rundo la funguo lililolia kila alipogeuka, na hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza maelezo ya Fundi tangu mwanzo hadi mwisho, akakitazama kishikwambi, akashusha pumzi.

"Mzee wangu, vitu hivi nimevisubiri miaka mitatu. Havijamaliza wiki."

"Ni kosa langu, mama. Nitakitengeneza kwa gharama yoyote."

"Kwa thina?" Fundi aliinamisha kichwa. Mwalimu Mkuu aliandika kwa haraka kwenye karatasi, akaizungusha juu ya meza. "Mwalimu, haya ni maelezo ya tukio. Soma, ukikubali utie sahihi."

"Nitaondoka nayo, niisome vizuri nyumbani," alisema Mwalimu. Sentensi hiyo ilikuwa imemwokoa miaka miwili.

"Hapana, isome hapa. Ni mistari mitano tu."

Mwalimu aliishika karatasi. Aliisogeza kushoto, akaisogeza kulia. Fundi alinyoosha mkono, akiwa amekwishafungua mdomo kusoma.

"Mzee, mwache Mwalimu asome mwenyewe."

Nje watoto walikuwa wanakimbizana, mmoja anadai mpira wake. Fundi alimwona mke wake anakaa wima, kama anavyokaa kabla ya kumwambia mzazi habari ngumu kuhusu mtoto wake.

"Sioni," alisema Mwalimu. "Sioni kusoma. Miaka miwili sasa. Madaftari yote uliyoyakagua ukasema yamesahihishwa vizuri, aliyeyasoma ni huyu. Hakuchezea kitu. Alikuwa anafanya kazi yangu."

Funguo za Mwalimu Mkuu zilinyamaza. Alimtazama Fundi, aproni haipo, shati la harusi limemkaba shingo, akamtazama Mwalimu, na kwa muda hakuonekana kama bosi wa mtu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipeleka wapi?"

Wote watatu walijua jibu. Mwalimu Mkuu aliinuka, akafungua mlango na kumwita binti wa mitambo.

*

Binti alikuwa mdogo kuliko walivyomtarajia, ana kalamu kwenye nywele na chapati ya chai mkononi. Alikitazama kishikwambi, akakinusa, akasema, "Mhu." Kisha alipenyeza ukucha kwenye kona ya kioo na kuvuta. Kikatoka kipande kizima cha plastiki laini, na ule ukungu ukaondoka nacho. Chini yake kioo kilikuwa kizima, kinang'aa.

"Ni plastiki ya kukinga tu," alisema. "Ndiyo kazi yake, iharibike yenyewe. Ninazo nyingine."

Fundi aliomba apewe kile kipande. Alikishika juu, akatazama dirisha kupitia ukungu wake, na mawazo yaliyompita hapo hakumwambia mtu. Laiti ingekuwa rahisi hivyo kwa mke wake, ukucha tu na kuvuta.

Mwalimu Mkuu alimweleza binti shida yenyewe, kwa maneno machache na kwa heshima. Binti aliacha kutafuna. "Mwalimu, kwa nini siku ile nikiuliza kama mmeona..." Alijizuia. Alivuta kiti, akakaa upande wa kushoto wa Mwalimu baada ya kuona anakoelekeza jicho, akamshika vidole viwili. "Hiki na hiki. Viweke pamoja hapa, halafu vitawanye. Hivyo. Tena. Tena."

Mwandiko wa mtoto ulianza kukua. Ukawa wa ukubwa wa kidole, ukawa wa kiganja, namba moja ikajaza kioo kizima, nyeupe juu ya nyeusi baada ya binti kubadilisha rangi. Mwalimu aligeuza uso pembeni kabisa, kuelekea kabati la faili, na kutoka kwenye pembe ya jicho lake akatazama.

"Tisa," alisema. Akasogeza kidole. "Nusu ya kumi na nane... ni tisa. Amepata." Akasogeza tena kutafuta jina, herufi moja baada ya nyingine, polepole kama wanafunzi wake wa miaka ya kwanza kazini. Alipolimaliza jina la mtoto yule aliweka mkono mdomoni.

Fundi alifurahi kwelikweli. Na ndani ya furaha ile ile, tusimfiche, palikuwa na kitu kidogo cha baridi. Alikiangalia kile kidole chepesi kinachogeuza kurasa peke yake, akaangalia vidole vyake vya gundi. Alijiuliza kesho saa kumi atafanya nini.

"Ripoti lazima niandike," alisema Mwalimu Mkuu. "Siwezi kuficha. Lakini mkaguzi atakuja mwisho wa mwezi, na mimi nitaandika baada ya kuona somo lako, si kabla."

*

Wiki tatu zile kibanda kilikuwa kimya saa kumi. Mwalimu alibaki shuleni na binti wa mitambo, akirudi jioni amechoka na jicho moja jekundu. Fundi alishona. Redio aliuliza kama mwanafunzi amefukuzwa shule, na Fundi akasema yuko likizo.

Siku nne kabla ya ukaguzi Mwalimu alimwambia, akivua viatu, "Nahitaji soli arobaini."

"Za nani?"

"Za darasa. Kata kwenye ngozi mbovu, saizi tofauti. Somo langu ni eneo."

Ndiyo maana siku ya mkaguzi Fundi alikuwepo, kwenye benchi la nyuma, na gunia la soli miguuni. Getini alikuwa ameandika jina lake kamili kwa mwandiko uliolala vizuri, na mlinzi akalitazama kwa muda mrefu.

Mkaguzi alikuwa mtu mrefu mwenye sauti nzito na daftari dogo. Watoto walipewa kila mmoja soli yake na karatasi ya miraba, wakaweka soli juu, wakachora ukingo, wakaipiga picha. Swali la Mwalimu lilikuwa moja: ngozi kiasi gani imetumika? Miraba mizima ilihesabika bila taabu. Ugomvi ulikuwa ukingoni, kwenye miraba iliyokatwa. "Usibahatishe," alisema Mwalimu. "Weka vidole viwili, vitawanye, ikuze mpaka uone kama ni nusu au robo." Ukutani alikuwa amerusha picha ya soli yake, kubwa kama mlango, na alipita mbele yake akiigusa kwa kiganja. Watoto walihesabu wakibishana kwa minong'ono, wengine wamesimama juu ya viti. Fundi, aliyekata ngozi maisha yake yote kwa kukadiria, alijikuta anahesabu nao.

Kisha mikono ikaanza kuinuka, na Fundi akasikia jambo. Kila mtoto alitaja jina lake na mahali alipo kabla ya jibu. "Mimi, Mwalimu, dirishani." "Mimi wa mlangoni." Mwalimu aligeukia sauti kila mara, bila kukosea. Aliyepeleka kazi mezani alisimama upande wa kushoto, hakuna hata mmoja aliyesimama mbele.

Mkaguzi hakuyajua hayo. Aliinuka, akaenda kusimama mbele ya Mwalimu, uso kwa uso, akamnyooshea kishikwambi cha mtoto mmoja. "Mwalimu, na hapa huyu amekosea wapi?"

Fundi aliona jicho la mke wake linahangaika, likimtafuta mtu ambaye hakuwa pale. Akashika gunia ili asiinuke.

Msichana wa dawati la mbele, mwenye pengo la meno mawili, alisimama. "Samahani, mkaguzi. Sogea hapa pembeni. Hapa."

"Kwa nini?"

Darasa zima lilinyamaza, watoto thelathini na wanane, hata wale wa kwenye viti. Msichana alifikiri kidogo.

"Ndio utaratibu wa darasa letu," alisema. "Na useme wewe ni nani."

Mwalimu Mkuu, mlangoni, alijifanya anatafuta ufunguo. Mkaguzi alimtazama mtoto, akatazama darasa, na huenda alielewa na huenda hakuelewa, ila alisogea pembeni. "Mimi ni mkaguzi," alisema, kwa sauti ndogo kuliko ya mwanzo. Mwalimu alikipokea kishikwambi, akatawanya vidole viwili, akageuza uso kuelekea ubao.

"Amehesabu robo kama nusu," alisema. "Hapa, ukingo wa kisigino. Nitakaa naye."

*

Jibu lilikuja kesho yake kwa maneno ya Mwalimu Mkuu: mwaka huu aendelee, kila mwaka ataangaliwa upya. Haikuwa miaka mitatu. Mwalimu alisema inatosha, na saa kumi alasiri akaja kibandani, kishikwambi kwenye mtandio, akaketi kwenye kigoda chake.

Fundi alimwuliza jambo lililomkosesha raha tangu jana. "Wale watoto. Uliwafundisha wewe wataje majina?"

"Mimi? Hapana. Wana adabu tu. Walianza wenyewe, tangu mwanzo wa mwaka..." Mkono wake ulibaki juu ya mtandio. "Tangu mwanzo wa mwaka," alirudia.

"Na kusimama upande wa kushoto?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Mwalimu naye anatabasamu, hakuyafuta. "Wote thelathini na wanane," alisema baadaye. "Na hawakusema hata majumbani. Wangesema, huyu hapa angekuwa amekwishatangaza."

Huyu hapa alikuwa Redio, anakuja na mashati yake begani. "Ohoo! Shule imefunguliwa!" Aliona kishikwambi kiko magotini mwa Mwalimu. "Leo mwalimu ndiye anasoma? Mwanafunzi amefeli nini, shemeji?"

Fundi alicheka kama kawaida yake na kuchukua kiatu. Lakini Mwalimu aliinua mkono.

"Redio, njoo usimame hapa pembeni nikuone. Nina tangazo."

"Mwalimu, acha," alisema Fundi.

"Nyamaza, wewe." Alimgeukia jirani yao. "Mume wangu anajua kusoma kuliko wewe. Miaka miwili amekaa hapa ananisomea madaftari, kwa sababu macho yangu hayaoni herufi. Mimi ndiye niliyekuwa sijui. Alikubali mumcheke yeye ili msinionee huruma mimi. Haya, nenda katangaze, na usiache hata neno."

Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu afike mtaani hakuna kilichotoka. Aliteremsha mashati begani. Alimtazama Fundi, ambaye alikuwa ameinamia kisigino na kukisugua mahali palipokwisha kung'aa zamani.

"Miaka miwili, kaka," alisema Redio taratibu. "Na mimi kila siku..."

"Ulikuwa unachekesha," alisema Fundi. "Kaa."

Redio akakaa chini, juu ya mashati yake ya kuuza. Fundi aliweka kiatu kando, akapangusa mikono kwenye aproni kidole kimoja kimoja, akachukua kalamu nyekundu na kuiweka sikioni kwa mazoea. Kisha alisogeza kiti chake upande wa kushoto wa mke wake.

"Haya," alisema, "soma."

Na Mwalimu akageuza uso barabarani, akasoma.